Pua ya Obiero

Maiti ya Eliakim Obiero ilikuwa imelala kifudifudi kwenye sakafu ya jikoni. Polisi walipoigeuza, mkono wa kulia uliokuwa umebanwa chini ya kifua ulitokea ukiwa bado umeshika kidude cheusi chenye shingo ndefu ya chuma. Kwenye kidude hicho taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka, imetulia, kana kwamba hakuna baya lililotokea katika nyumba ile.

Inspekta Moureen Mokeira aliikodolea macho taa hiyo zaidi ya alivyomtazama marehemu. Maiti alikuwa amezizoea. Kitu kinachosema uongo waziwazi hivyo hakuwa amekizoea.

"Hiki ni nini?"

"Kipima gesi, afande," alijibu Konstebo Akello, aliyekuwa akipiga picha. "Unakipitisha karibu na mtungi. Gesi ikivuja, taa inakuwa nyekundu na kinapiga kelele."

"Na hii ni kijani."

"Ni kijani, afande."

Dirisha la jikoni lilikuwa limeng'oka pamoja na fremu yake na kutua katikati ya michai iliyoanzia ng'ambo ya ua. Wachuma chai waliokuwa wakielekea shambani asubuhi hiyo ya Jumatatu ndio waliosikia mlipuko, wakakimbia na ndoo za maji. Kando ya meko kulikuwa na sufuria ya uji iliyopinduka na kiberiti kilichoungua. Hadithi ilionekana rahisi: mtu ameamka, anataka uji, amewasha kiberiti ndani ya chumba kilichojaa gesi.

Rahisi mno, kwa sababu marehemu hakuwa mtu wa kawaida. Obiero alikuwa mwonjaji mkuu wa chai katika Kiwanda cha Chemoiwet. Kutoka Kericho hadi Bomet watu walisema kwamba mzee huyo akinusa kikombe atakuambia chai imechumwa upande gani wa kilima, na kama ilinyeshewa njiani. Wanawake walikuwa wakimpelekea manukato ya sokoni awatenganishie ya kweli na ya bandia. Sasa mtu huyo amekufa kwa kutosikia harufu ya gesi, harufu ambayo hata mlevi huisikia.

Mokeira alipiga magoti nyuma ya mtungi. Mpira wa gesi ulikuwa umeungua upande wa meko, lakini kipande cha karibu na mtungi kilikuwa kimesalia. Chini yake, upande usioonekana, palikuwa na mkato mwembamba ulionyooka.

Sebule haikuguswa na moto. Makochi yalikuwa na vitambaa vyake, redio ilikuwa mahali pake. Juu ya stuli palikuwa na birika dogo jeupe, kifuniko chake kimegeuzwa juu chini mdomoni mwa birika, na juu ya kifuniko hicho kulikuwa na rundo la majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa. Mokeira aliona ajabu. Nyumbani kwao majani hubaki kwenye chujio, kisha huishia kwenye maua. Alimwambia Akello apige picha, kisha afunge birika lile kama lilivyo.

"Hata majani, afande?"

"Hasa majani."

Mkuu wao, Mrakibu Amolo, alifika na viatu vinavyong'aa na akasimama mahali pasipo na matope. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka hupenda jibu la kwanza.

"Ni ajali," alisema. "Nani aliunganisha huo mtungi?"

"Mimi," ilijibu sauti kutoka mlangoni.

Alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa nguo ya safari, na vumbi la Soin lilikuwa bado miguuni mwake. Dorine Adongo, mke wa marehemu, alikuwa ameondoka Jumamosi kwenda kumwona mama yake huko chini kwenye joto. Alikuwa amebadilisha mtungi Ijumaa. Alisema hivyo bila kuulizwa mara ya pili.

Ooko, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akilia karibu na kabati, aliacha kulia. "Mmesikia? Huyu Nyar Soin amekubali mwenyewe," alisema, yaani binti wa Soin, jinsi wakwe wa Kijaluo humwita mke kwa jina la kwao alikotoka. "Alifunga mtungi vibaya, akaenda zake kutembea. Ndugu yangu hataenda nyumbani na huyu mama nyuma ya jeneza. Sisi tutamzika peke yetu."

Dorine aliingia ndani. Alimtazama mumewe sakafuni, akavua leso yake, akamfunika uso. Kisha akageuka na kusema polepole kwamba nyumba hiyo hatoki, na maiti hiyo haiondoki Kericho bila yeye, na anayetaka kumtoa aje amkokote mbele ya watu.

Mokeira alimpenda papo hapo, jambo ambalo mpelelezi hatakiwi kulifanya.

Amolo alimvuta Mokeira kando. Ndugu walitaka kuzika Jumamosi, nyumbani kwao kando ya ziwa. Kufikia Ijumaa alitaka jalada mezani kwake: kusababisha kifo kwa uzembe, mshtakiwa Dorine Adongo.

"Mpira umekatwa, afande."

"Panya."

"Panya wa wapi anayekata kwa wembe?"

"Mokeira," Amolo alisema kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma mtoto mkaidi, "kuna nyumba ngapi Kericho zenye panya?"

"Na kama mtungi ulifungwa vibaya Ijumaa, kwa nini alipika uji Jumamosi, akapika Jumapili, ndipo akafa Jumatatu?"

Amolo alikunja kofia yake, akasema Ijumaa ni Ijumaa, akaondoka kabla mvua ya mchana haijaanza.

Kitu cha kwanza Mokeira alichofanya ni kwenda kiwandani. Chumba cha kuonjea chai kilikuwa na madirisha makubwa ya upande mmoja na meza ndefu nyeupe. Pale Obiero alifanya kazi na msaidizi mmoja tu, Sagini, mwanamume wa makamo mwenye koti jeupe na macho mekundu kwa kulia.

Alijibu kila swali kabla halijakamilika.

"Ulimwona mzee mara ya mwisho lini?"

"Ijumaa, hapa kazini."

"Jumapili?"

"Jumapili nilikuwa Siongiroi. Kulikuwa na mnada wa ng'ombe, nilishinda na rafiki yangu."

"Pua yake ilikuwaje siku hizi?"

Sagini alisita kidogo tu. "Kali vilevile, madam. Hakuna pua nyingine kama hiyo. Mimi nilikuwa namfuata kama kivuli."

Kisha akabadilisha lugha, akamwambia kwa Kikisii kwamba ni vizuri kesi imeshikwa na mtu wa nyumbani. Mokeira alimjibu kwa Kiswahili kwamba kesi haina nyumbani. Lakini macho yake yalikuwa kwenye meza. Mbele ya kila kikombe palikuwa na birika dogo jeupe, kifuniko kimegeuzwa juu chini, na majani yamerundikwa juu yake. Alimshukuru Sagini, akampa pole, akatoka.

Kidude cheusi alikipeleka kwa aliyekiuza. Kipngetich alikuwa na duka la mitungi karibu na stendi ya Kericho, na aliposikia habari za Obiero alikaa chini juu ya mtungi mtupu. Alisema mzee alikuwa akimletea kipima gesi hicho mara kwa mara ili akijaribu. Hakuwa amewahi kumwona mteja anayejali hivyo.

"Unajaribu vipi?"

"Rahisi, madam." Kipngetich alichukua kiberiti cha gesi, akabonyeza bila kuwasha moto, gesi ikatoka kwa mlio mdogo kwenye ncha ya ile shingo ya chuma. "Hapa inafaa ilie."

Haikulia. Taa ilibaki kijani. Akabonyeza tena, akaisogeza karibu zaidi. Kijani. Akachukua kipima kingine kipya kutoka kwenye kabati, akafanya vilevile, na hicho kikapiga kelele hadi watu wa barabarani wakageuka.

"Alikuletea lini mara ya mwisho?"

"Wiki iliyopita tu. Ilikuwa inalia sawasawa." Alifungua ncha kwa bisibisi, akachungulia, akapangusa kwa kidole. Kulikuwa na utelezi mwembamba usiokauka. "Hii si ya moto. Mtu amepulizia kitu. Hizi dawa za silikoni, zile za kulainisha mashine, zikiingia kwa sensa, hiki kidude cha kunusia, zinaiua. Mashine inawaka, taa inawaka, lakini hainusi. Tunaambiwa kabisa tusiweke dukani pamoja."

Mokeira alimwomba aeleze mzee alikuwa akikitumia vipi. Kipngetich aliinama, akakipitisha kile kizima chini kabisa, karibu na sakafu, kuzunguka miguu ya meza. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, alieleza, hushuka na kutanda chini. Wengi hupima juu kwenye meko, wanaona kijani, wanafurahi. Obiero alikuwa hafanyi kosa hilo. Kila asubuhi alianza sakafuni, akazunguka chumba kizima, ndipo akashika kiberiti.

Kwa hivyo asubuhi ya Jumatatu alifanya kila kitu sawasawa. Aliinama, akazunguka, akaangalia taa, akaiamini. Mokeira alishikwa na hasira, kwa sababu kumuua mtu mzembe ni jambo moja, na kumuua mtu kwa kutumia uangalifu wake ni jambo jingine.

Akiwa njiani kurudi kituoni, swali lililokuwa likimwasha tangu asubuhi lilikaa sawa kichwani. Alimwambia Akello ageuze gari.

Dorine alikuwa ameketi sebuleni peke yake, mlango wa jikoni ukiwa umefungwa kwa utepe wa polisi. Mashemeji walikuwa nje wakizungumza kwa sauti ya kusikika kwa makusudi.

"Mama Dorine," Mokeira alisema, "nina swali moja tu. Mtu mwenye pua ya kutenganisha chai ya kilima na kilima, alikuwa anataka nini na mashine ya kunusa gesi?"

Dorine aliutazama mlango wa jikoni.

"Nilimwahidi nitakufa na siri hiyo," alisema.

"Ukinyamaza utafungwa nayo."

"Nifungwe."

"Na aliyemuua?"

Neno hilo lilimfanya ainue kichwa. Mpaka wakati huo hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mumewe ameuawa. Walikuwa wamemwambia kwamba yeye ndiye sababu, na ndani kabisa alikuwa ameanza kuamini.

Ndipo akaeleza. Wakati ule wa corona Obiero aliugua, akapona, lakini pua haikurudi. Si kahawa, si samaki, si moshi. Alijaribu ndimu, akajaribu vitunguu vilivyooza, akalia chooni maji yakiwa yamefunguliwa ili watoto wasisikie. Mwonjaji asiye na pua ni dereva asiye na macho, na watoto walikuwa bado shuleni. Kwa hiyo akaficha. Nyumbani aliacha kabisa kunywa chai ya rangi, kwa sababu ilimuuma rohoni kuinywa kama maji ya moto. Alikunywa uji. Siku moja gesi ilivuja yeye akiwa amekaa pale pale anasoma gazeti, hana habari. Dorine ndiye aliyeingia na kumtoa nje. Kesho yake alienda kununua kipima gesi, na tangu siku hiyo kilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni.

"Na kazini aliwezaje?"

"Alikuwa na mtu wa kumnusia."

"Nani mwingine alijua?"

"Mimi, yeye, na huyo mtu." Dorine alifuta uso. "Sagini."

Mokeira aliuliza kuhusu birika kwenye stuli. Dorine alisema birika hilo lilikuwa la kabatini, la wageni, na yeye alipoondoka Jumamosi lilikuwa kabatini. Mume wake asingeligusa.

Siku zilizofuata Mokeira alifanya mambo kadhaa bila kuomba ruhusa, na moja alilifanya baada ya kukatazwa. Amolo alimwambia birika ni birika na kwamba maabara ya Kisumu ina foleni ndefu. Mokeira akateremka Kisumu mwenyewe na kile kidude ndani ya mfuko wa ushahidi, akaketi kwenye benchi la Mkemia wa Serikali, na kila alipoambiwa aache sampuli arudi baadaye, alijibu kwamba hana pa kwenda. Mwishowe walimpimia ili awaondokee. Utelezi ule ulikuwa silikoni. Ulikuwa sawa na uliokuwa kwenye kopo ambalo Akello alikuwa amelichukua katika Kiwanda cha Chemoiwet, dawa ya kupuliza inayotumiwa kwenye mikanda ya mashine ili majani yasigande.

Kifuniko alikipeleka kwanza kwa mtaalamu wa alama za vidole, kisha akakipeleka Bomet pamoja na majani yake, kwa mwonjaji wa kiwanda kingine, mzee mwenye maneno machache aliyeitwa Arasa. Mokeira hakumwambia yametoka wapi. Arasa aliyasogeza dirishani, akayapanua kwa kidole. Ingawa yalikuwa yamekauka, rangi yake ilikuwa bado ya shaba.

"Chai nzuri sana," alisema. "Hii ni daraja la kwanza. Nani amekuambia ni mbaya?"

"Hakuna aliyeniambia ni mbaya."

"Basi kwa nini mtu aliiweka hivi kifunikoni? Hivi tunafanya kukiwa na ubishi. Aliyepika anageuza majani hapa, mwenzake aangalie rangi. Na aliyepika hamwagi. Anayemwaga ni yule anayetoa uamuzi, akisharidhika."

"Asiporidhika?"

"Yanakaa hapo mpaka wakubwa wake waje."

Mokeira alirudi Kericho. Sasa alijua kwamba Obiero hakuyapika majani yale. Aliyapikiwa na mtu wa chumba cha kuonjea. Yeye aliyaangalia, akakataa kuyamwaga, kwa sababu alitaka wakubwa wayaone.

Akello naye alikuwa na habari. Wakulima wadogo wa Chemoiwet walikuwa wakinung'unika tangu msimu uliopita kwamba chai yao inaandikwa duni na inauzwa bei ya kutupa, na kwamba mnunuzi ni yule yule kila mara. Uchunguzi wa alama za vidole ulikuwa umekamilika. Na rafiki wa Siongiroi alikuwa amekiri kwamba Jumapili hiyo alikula nyama ya mnada peke yake.

Ijumaa asubuhi Amolo aliikuta meza yake haina jalada. Alimkuta Mokeira kwenye chumba cha mahojiano, Sagini mbele yake, na juu ya meza vitu vitatu: kipima gesi, kiberiti cha gesi, na birika lenye kifuniko kilichopinduliwa.

"Nilikuambia ufunge hii kesi," Amolo alisema.

"Naifunga sasa hivi, afande. Karibu ukae."

Amolo hakukaa, lakini hakuondoka.

Mokeira aliwasha kipima gesi. Taa ikawa kijani. Akabonyeza kiberiti, gesi ikatoka, Amolo akakunja pua hata pale aliposimama.

"Unasikia harufu, Sagini?"

"Nasikia."

"Mashine haisikii. Na mzee?"

"Mzee alikuwa na pua kali, nilishakuambia."

"Ulishaniambia. Basi nieleze mtu mwenye pua kali analalaje na gesi usiku kucha."

Sagini alilamba midomo. "Labda alikuwa na mafua."

"Mafua tangu wakati wa corona?"

Nje mvua ya mawe ilianza kupiga mabati, ile inayochana majani ya chai.

"Mke wake ametusimulia," Mokeira aliendelea. "Pua ilikuwa yako. Wewe ulinusa, yeye akatia jina. Ni kweli?"

"Madam, hilo si kosa la jinai."

"Si kosa. Kwa nini basi ulinificha?"

"Kumlindia heshima."

"Vizuri. Jumapili ulikuwa wapi?"

"Siongiroi."

"Rafiki yako amekukana. Alama ya kidole gumba chako iko chini ya kifuniko hiki, na ya kidole cha shahada juu. Umekishika jinsi mnavyoshika nyinyi waonjaji tu. Nimeenda kuuliza."

Sagini alikitazama kifuniko. Mara uso wake ukabadilika, na Mokeira aliona kitu ambacho hakukitarajia. Hakikuwa hofu. Ilikuwa dharau.

"Majani ya chai," Sagini alisema. "Nani katika Kericho hii yote huangalia majani ya chai? Yako kila mahali. Nilijua moto ukipita au usipopita, mtu atayafagia."

Amolo alivuta kiti, akakaa.

"Ulimkuta nyumbani?"

"Aliniita mwenyewe. Aliniambia nije na ile chai niliyoiandika duni, niipike mbele yake. Pua hana, ulimi umekufa nusu, lakini macho alikuwa nayo. Ijumaa alikuwa ameona rangi ya majani akashtuka. Nikaipika. Nikageuza majani. Akayaangalia, akasema, 'Sagini, hii ni shaba tupu, umewaibia wakulima.' Nikamwambia ayamwage yaishe. Akasema hayamwagi, Jumatatu yanaenda kwa wakurugenzi."

"Lakini ulikuja na dawa ya silikoni mfukoni kabla hujasikia hayo."

"Nilikuja nayo. Ijumaa alikuwa ameshaniambia atasema mambo mawili: kwamba hana pua, na kwamba mimi ni mwizi. Nilitumaini atabadilisha mawazo. Kwanza nilipulizia mashine wakati maji yanachemka. Aliponijibu vile, nikarudi jikoni kana kwamba nasuuza vikombe, nikakata mpira. Kidogo tu. Nilijua jioni hapiki, anakula baridi alichoachiwa na mkewe."

"Nani alikuwa akikununua?"

"Yule mnunuzi aliniahidi kiti Mombasa, kwenye meza yao ya mnada wa chai. Kiti changu. Jina langu mlangoni." Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Mnajua ni nini kuwa pua ya mtu? Yeye anapewa mkono na wageni, mimi nasuuza vikombe. Yeye anapewa saa ya ukutani, mimi ninapiga makofi. Kila sifa aliyopewa tangu ugonjwa ule ilikuwa yangu. Sasa anasema atatubu. Atasimama pale aseme hana pua, watu wamlilie. Atasema mimi ni mwizi, watu wanitemee mate. Pua yangu ilimjengea jina, halafu jina hilo hilo anizike nalo? Sikukubali. Hata leo sikubali."

"Na mama Dorine? Ulijua atalaumiwa yeye."

Sagini aliinua mabega. "Mtu ni lazima alaumiwe."

Mokeira alikuwa ameahidi nafsi yake kutopandisha sauti, akatimiza ahadi. Alimsomea mashtaka ya kuua kwa kukusudia, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Sagini alipojaribu tena Kikisii, akimkumbusha kwamba mama zao wangeweza kuwa ni majirani, alimwambia atie sahihi.

Amolo alitoka naye ukumbini. Alijikuna shingo. "Ungeniambia mapema kuhusu hayo majani."

"Nilikuambia, afande. Ulisema birika ni birika."

Jumamosi asubuhi mochari ilijaa watu. Ooko alikuwa amesikia habari usiku, na sasa alisimama mbele ya Dorine akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili, wazee wa ukoo nyuma yake. Alimwita mke wa kaka. Alisema shetani aliwapitia, alisema maneno ya uchungu hayafai kuhesabiwa, alisema gari liko tayari na nafasi yake iko.

"Nitapanda," Dorine alisema. "Na nitazungumza kaburini."

"Ni haki yako."

"Nitawaambia alipoteza pua. Nitawaambia alificha kwa ajili ya watoto, na kwamba alikuwa anaenda kusema ukweli kwa mdomo wake mwenyewe, na ndiyo sababu akauawa."

Wazee walitazamana. Ooko alishusha sauti. "Hiyo aibu tuache tuizike naye, shemeji. Kiwanda kinaweza kukataa kulipa haki zake. Na jina la Obiero je?"

"Wakitaka kukataa, wakatae, tutaonana mahakamani. Jina alitaka kulisafisha yeye mwenyewe Jumatatu ile. Sikuweza kumlinda hai kwa kunyamaza, simlindi maiti kwa uongo." Alimtazama Ooko machoni. "Na mliponiita muuaji mbele ya watu, hamkusema ni aibu ya kuzikwa."

Mokeira, aliyekuwa amesimama kando ya gari la polisi akijifanya anamsubiri Akello, aliona Dorine akimpita shemeji yake, akiwapita wazee, akielekea gari la maiti. Mwanamume mmoja wa ukoo alikuwa amekwisha kukaa kiti cha mbele. Dorine alifungua mlango na kusubiri.

Mwanamume yule alishuka. Dorine akapanda, akaketi mbele, mahali pa mke.